Mbegu ya Sitini

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, na kila nikihama mji nahama nayo. Lakini sitakupeleka huko moja kwa moja. Ujue kwanza nilifikaje, maana ukisikia kwamba mtu kama mimi aliwahi kuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya watoto wadogo mjini Sydney, una haki ya kuuliza aliingilia mlango gani.

Nilitoka Korogwe na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyojua kutulia. Mombasa niliuza vipuri vya pikipiki miaka miwili. Nairobi nilikaa mwaka mmoja na baridi yake. Doha nilipakia mizigo ya ndege mpaka viganja vikawa vigumu kama soli. Kutoka huko nikapata nafasi ya kusoma Perth, magharibi mwa Australia, na Perth nayo, mji mzuri, hewa nzuri, ikanichosha kama ilivyonichosha miji mingine. Nilikuwa naota harufu ya udongo wa kwetu mvua inapopiga mashamba ya mkonge, nikiamka machozi yako karibu. Lakini badala ya kurudi, nilizidi kwenda mbele. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikumbuka nyumbani kila siku, na kila siku niliongeza umbali.

Mkenya mmoja, muuguzi, alikuwa anahamia Sydney na gari lake, akatafuta mtu wa kupokezana naye usukani. Akaniuliza, "Bro, wewe unajua kuendesha ama unajua tu kukaa kwa gari?"

"Najua vyote viwili," nikamjibu.

Tulisafiri siku tano. Kuna kipande cha barabara kule kilichonyooka hivi kwamba unasahau usukani kazi yake nini. Tulikula mikate mikavu, tukalala kwenye viti, tukabishana ugali wa nani ni mgumu. Tulipoingia Ingleburn, pembezoni mwa Sydney, ambako alikuwa amepata nyumba, mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nikajiambia, hapa nitakaa. Sikukumbuka kwamba nilijiambia hivyo kila nilipotua.

Nilianza na kazi ya ghala palepale Ingleburn. Ikaja korona, ghala likatupunguza, nikajikuta chumbani nasoma kwa kompyuta kozi ya miezi michache ya kuwasaidia walimu darasani. Shule moja ya mtaa wa Guildford, Sydney hukohuko, ikanichukua kwa majaribio, siku nne kwa wiki, darasa la kwanza. Nilikuwa nakaribia arobaini. Usinicheke nikikwambia huo ndio ujana ninaousimulia. Ndevu nilikuwa nazo, busara ilikuwa bado njiani.

Darasa lilikuwa na watoto wa kila taifa unaloweza kulitaja. Mwalimu wao alikuwa binti wa Kilebanoni aliyezaliwa mtaa uleule, wote tukimwita Miss Hanan. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na macho yake yalikuwa mahali pote kwa wakati mmoja. Mimi niliitwa Mista Sefu. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kikundi cha watoto sita waliohitaji mtu wa karibu zaidi. Mmoja wao alikuwa Riziki, binti wa miaka sita kutoka familia ya Bukavu. Mama yake alifanya kazi ya kutunza wazee huko St Marys, akitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi yake, Mama Vumilia, ambaye Kiingereza kilikuwa hakijamkubali hata kidogo.

Riziki alisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote. Alipokwama hesabu nilimnong'oneza kwa lugha yetu, naye alicheka kwanza ndipo ajibu. Siku moja aliwaambia wenzake, "Mista Sefu anaongea kama redio ya bibi yangu." Tangu siku hiyo kikundi kizima kikawa kinanifungua na kunizima kwa kunigusa kitufe cha shati.

Sasa, kule majani hupukutika miezi ambayo huku kwetu mvua za masika ndizo zinanyesha. Wiki ile Miss Hanan alikuwa ameamua watoto wajifunze majira hayo kwa mikono yao na si kwa kuangalia picha. Kila meza ilikuwa na kazi yake. Meza moja waliweka karatasi juu ya jani na kusugua kwa kalamu ya nta mpaka mishipa ya jani itokee. Nyingine walipanga majani kwa ukubwa na rangi. Nyingine walipasua boga na kupima vipande kwenye mizani. Meza yangu ilikuwa ya kuhesabu mbegu: kila mtoto na trei yake ya mayai, anaweka mbegu moja moja kwenye vishimo, kumi zikijaa anaandika.

Kwa kawaida wangehesabia vidude vya plastiki. Lakini huo ulikuwa wakati wa korona, na vidude vyote vilivyopita mikono mingi vilikuwa vimefungiwa kabatini. Wazazi walikuwa wanaishia getini. Milango ilikuwa wazi hata kukiwa na baridi, na watoto walinawa mikono mpaka ikapauka. Ndiyo maana Miss Hanan alitaka vitu vya miti, ambavyo vikishatumika vinatupwa. Alituambia sote, mimi na wazazi, kwamba kila kitu kitakachotoka nje ya shule kipite kwanza mezani kwake akione. Alilisema hilo mara mbili. Nililisikia mara zote mbili.

Kando ya reli, karibu na pale nilipokuwa nashukia treni, kulikuwa na kiwanja kisicho na mwenyewe, na humo ulikuwa umeota mnyonyo. Mwanangu, unaujua mnyonyo. Ule ambao mbegu zake tunakamulia mafuta ya nywele. Nilisimama pale nikautazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Majani yaleyale kama kiganja, mashuke yaleyale ya miiba laini. Nikapasua tunda moja, zikatoka zile mbegu zenye madoa, zinang'aa kama zimepakwa rangi na fundi. Darasa la kwanza Korogwe tulihesabia vijiti, visoda na mbegu hizohizo. Nikajaza mfuko wa koti.

Je, nilijua haziliwi? Nilijua. Mama yangu alitukataza kuzitafuna, akisema zinaharisha. Kwangu zilikuwa kitu cha kuharisha, basi, kama embe bichi. Sikujua zaidi ya hapo na sikuuliza zaidi ya hapo.

Alhamisi asubuhi treni ilichelewa. Nilipofika, Miss Hanan alikuwa anazungumza kwa simu, huku akimfunga mtoto kamba za viatu kwa mkono mmoja. Ningeweza kungoja dakika mbili. Nikajisemea, ni mbegu tu, nami nimezikulia. Ukweli ni kwamba nilitaka pia kumshangaza. Nilitaka aje kwenye meza yangu akute kitu kizuri kutoka kwetu, aulize, nimweleze. Nikahesabu mbegu sitini, kumi kwa kila mtoto, nikazigawa.

Saa nne tulianza. Watoto walizipenda mpaka nikavimba kichwa. "Hii ina sura ya mdudu!" "Yangu ni mnene kuliko yako!" Kasoro ilikuwa moja, kwamba Riziki alikuwa na tabia ya kuweka vitu mdomoni. Penseli, kola ya sweta, chochote. Nilimwambia, "Riziki, toa mkono mdomoni," naye akautoa. Nikageuka kumsaidia mtoto wa pembeni aliyemwaga trei yake. Nilipogeuka tena alikuwa ameshaandika namba yake, anatabasamu.

Saa tano na nusu watoto walitoka kucheza, nikabaki kukusanya. Zilikuwa hamsini na tisa. Nikapiga magoti, nikatazama chini ya meza, chini ya zulia, kwenye mikunjo ya mapazia. Nikahesabu tena. Hamsini na tisa. Halafu kwenye trei ya Riziki nikaona vipande viwili vya ganda, vyembamba, vyenye madoa, na kimoja kilikuwa na unyevu.

Nilitoa simu nikatafuta jina la mti ule. Sikusoma mistari mingi. Nilisoma kwamba mbegu yake ikitafunwa ina sumu kali, na kwamba mtoto mdogo anaweza kufa nayo. Nikaifunga simu na kuirudisha mfukoni upesi, kana kwamba nikiifunga na maneno yatafungika.

Ningekwambia nilikimbia kumwita Miss Hanan, ningekuwa nimejipamba. Hatua kumi na tano zilitutenganisha. Yeye alikuwa kibarazani anakula tufaha lake, na mimi nilisimama ndani nimeshika trei ya mayai. Kichwani yalipita mambo mengi kwa kasi. Wiki iliyofuata ndiyo walikuwa wanaamua kama majaribio yangu yamekwisha salama. Nilikuwa Mwafrika peke yangu kati ya wafanyakazi wa shule ile. Nilimwona Miss Hanan akiniuliza kwa nini sikumwonyesha. Niliziona nyuso za wazazi getini. Kila kitu nilikiona, mwanangu, isipokuwa tumbo la yule mtoto.

Nikamfuata Riziki bombani. Nikachuchumaa. "Riziki, mama, niambie ukweli. Umekula ile mbegu?"

Akatikisa kichwa. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hapana.

"Hata kidogo? Hata kuitafuna tu?"

"Hapana," akasema tena, na macho yake yakashuka kwenye viatu.

Nilikuwa nimekulia kati ya wadogo zangu saba, nikijua mtoto akitazama viatu maana yake nini. Lakini hapana ile niliihitaji, nikaichukua.

Halafu nikafanya jambo ambalo mtu wa kule asingelifikiria, ila wewe ungelifikiria mara moja. Kwetu mtu akinywa sumu, watu hukimbilia nini? Maziwa. Mletee maziwa, yataiua. Nimeyaona hayo tangu utoto, kwa watu na kwa mbwa. Katika jokofu la walimu kulikuwa na maziwa yangu ya chai. Nikajaza kikombe kizima, nikamwita Riziki pembeni, nikamwambia anywe yote.

Mtoto mmoja wa kundi letu akatuona. "Mbona yeye anapewa maziwa? Na mimi je?"

"Yeye hakunywa chai asubuhi," nikasema.

"Hata mimi sikunywa! Hata mimi!"

Riziki alikunywa mpaka mwisho, akabaki na mstari mweupe juu ya mdomo, akanirudishia kikombe na kusema asante. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Nilijiona nimeshamtibu. Nikaosha kikombe, nikafuta trei, nikatupa vile vipande vya ganda pamoja na zile mbegu hamsini na tisa kwenye pipa la nje. Tangu wakati huo kila baada ya dakika chache nilimtazama. Alicheka, nikapoa. Alinyamaza, nikaloa jasho. Alipoegemeza kichwa mezani saa saba na nusu, nikamwambia Miss Hanan kwamba pengine amechoka. Hilo nalo lilikuwa neno langu, hakuna aliyenilazimisha.

Karibu na saa nane tulikuwa mkekani, Miss Hanan anawasomea hadithi, Riziki akashika tumbo. Kisha akatapika. Maziwa yote yalitoka, yakaenea juu ya zile karatasi za majani walizozisugua asubuhi. Watoto wakapiga kelele, wakaruka. Akatapika tena, safari hii akiwa amejikunja, na mlio alioutoa haukuwa wa mtoto anayetaka kubembelezwa.

Ungekuwa mwaka mwingine, pengine mtu angeuliza amekula nini. Mwaka ule swali lilikuwa moja tu. Ndani ya dakika mbili watoto wengine walikuwa uwanjani, Riziki yuko kwenye chumba cha wagonjwa na barakoa usoni, dirisha wazi, na katibu wa shule anapiga simu nyumbani kwao. Utaratibu ulikuwa umebandikwa ukutani: mtoto mwenye dalili achukuliwe mara moja, akapimwe korona, asirudi mpaka majibu yatoke.

Mama hakupatikana. Alikuja bibi kwa miguu, kanga begani, anahema. Hakuruhusiwa kuvuka geti. Miss Hanan alimshika Riziki mkono mpaka pale, akaniita. "Mista Sefu, nisaidie kutafsiri tafadhali. Mwambie ampeleke kwenye kituo cha kupimia, kile cha karibu na hapa. Kuna foleni, lakini wasiondoke mpaka wapimwe."

Nikamgeukia Mama Vumilia. Alikuwa amemvuta mtoto kifuani kupitia mwanya wa geti.

"Papa, mwalimu anasema nini?" akaniuliza, kwa jina ambalo Wakongo humwita mwanamume yeyote kwa heshima.

Nikafungua mdomo, nikasema, "Mama, anasema umpeleke akapimwe korona."

Maneno yalikuwa ya Miss Hanan, lakini sauti ilikuwa yangu. Nilijua foleni ile ilivyo. Watu walikaa humo mpaka jioni, na nilikuwa nawatuma huko, bibi asiyejua lugha na mtoto mwenye sumu tumboni, wakangoje kuchokonolewa pua.

"Korona?" akasema bibi. Alimgusa Riziki paji la uso, akamgusa shingo. "Mutoto hana homa huyu. Huyu ni tumbo. Asubuhi nilimupa uji tu, na alikuwa muzima." Akaniangalia moja kwa moja juu ya barakoa. "Papa, hapa shuleni mutoto amekula nini?"

Miss Hanan akauliza, "Anasemaje?"

Nilikuwa katikati yao. Kila mmoja ananitazama, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuzungumza na mwenzake bila kupita kwangu. Riziki akajikunja tena, akatapika kwenye viatu vya bibi yake.

"Amekula mbegu ya mnyonyo," nikasema. "Mimi ndiye niliyeileta."

Kisha nikageuka nikasema hivyohivyo kwa Kiingereza.

Miss Hanan hakupandisha sauti. "Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na wewe ulijua saa ngapi?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote. "Saa tano na nusu."

Saa ya ukutani nyuma yake ilionyesha saa nane na nusu. Aliitazama, akanitazama, akakimbia.

Gari la wagonjwa lilikuja na watu waliojifunika kuanzia utosini hadi miguuni, macho tu yanaonekana. Waliruhusu mtu mzima mmoja, akapanda bibi. Nikafuata kwa teksi, na mlangoni mwa hospitali nikazuiwa, kwa kuwa utaratibu ulikuwa ni mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Lakini ndani kulikuwa na daktari asiyejua Kiswahili na bibi asiyejua Kiingereza, na mkalimani wao wa simu hakupatikana upesi. Mama Vumilia akawapa namba yangu, niliyokuwa nimemwandikia getini. Basi nikasimama kwenye maegesho, jua la kule la alasiri linapiga vioo vya magari, simu sikioni, nikawa mdomo wa watu wawili ambao siwaoni.

Daktari aliuliza mbegu ilikuwa ya mti gani, nikajibu. Aliuliza ilitafunwa au ilimezwa nzima, nikajibu kuhusu vipande vya ganda. Aliuliza kama alipewa kitu chochote baadaye. Nikasema maziwa. Nikasikia mtoto akilia kwa mbali, sauti imekwisha nguvu.

Kisha daktari akasema, polepole ili nisikose neno, "Mweleze bibi hivi. Kama tungempata mapema, kuna dawa tungempa ya kuizuia sumu kabla haijaingia mwilini. Sasa muda huo umepita. Tutamwekea maji kwa mshipa, tutamchunga moyo na figo, na tutangoja. Siwezi kumwahidi."

Mwanangu, nimesoma barua za misiba, nimewahi kupokea simu ya kifo cha baba yangu nikiwa Doha. Sijawahi kubeba maneno mazito kama yale. Ningeweza kuyapunguza. Hakuna ambaye angejua. Nilifikiri juu ya hilo, nakiri, kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikayasema yote, la kwanza hadi la mwisho, pamoja na lile la muda uliopita.

Nikasikia Mama Vumilia akivuta kiti.

"Papa," akasema. "Mimi nilikutukana siku gani?"

"Hujawahi, Mama."

"Nilikupiga? Nilikufukuza kwangu?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulituogopa kwa nini, mpaka ukaona afadhali mutoto afe? Mbegu ni makosa. Mimi pia nimekosea mambo, nimelea watoto tisa. Lakini masaa matatu ulikuwa unamutazama tu. Masaa matatu, papa! Ulikuwa unangojea nini?"

Nilisema samahani, naye akasema, "Ukae hapo kwa simu. Usiende. Mganga akisema kitu, unaniambia. Yote."

Nilikaa. Jua lilipozama mama yake Riziki alifika kutoka kazini, bado na sare, akanipita mbio bila kunijua, wakabadilishana na bibi mlangoni. Bibi alikaa kwenye ukingo wa simenti, mita mbili kutoka kwangu. Nilimletea maji, akayapokea.

Ilikuwa siku tatu. Siku ya kwanza alizidiwa, figo zikawatisha madaktari. Siku ya pili alibaki palepale. Siku ya tatu alimwomba mama yake chipsi, na mama akanipigia simu kunipa habari hiyo, maneno mawili tu, halafu akakata.

Shuleni niliandika maelezo yangu mwenyewe, bila kumwachia Miss Hanan aandike kwa niaba yangu. Niliandika kwamba aliniagiza na sikumtii, kwamba nilijua na nikanyamaza, kwamba ganda nililitupa. Kazi ikaisha. Miss Hanan alibaki, ingawa walimhoji sana, na siku nilipokuja kuchukua koti langu alisema neno moja ambalo bado linanichoma. Alisema, "Ningekusaidia, Sefu. Nisingekupigia kelele hata kidogo." Na ninaamini ni kweli.

Baridi ilipokuja mji ukafungwa, upande wetu ukafungwa zaidi ya pande zingine. Nikarudi kazi ya ghala Ingleburn, nikakaa miezi nikitazama ukuta. Ndege zilipofunguliwa, nikakata tiketi ya kurudi. Sikukata ya kwenda mbele tena.

Siku ya kuondoka nilipanda treni na begi langu, nikashuka Guildford mchana kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mama Vumilia alifungua mlango akasimama kizingitini, mkono umeshika komeo. Nyuma yake Riziki alikuwa amelala kifudifudi mbele ya televisheni, amekonda kidogo, miguu inachezacheza hewani. Aliponiona alinipungia mkono, akarudi kwenye katuni yake.

Nikasema, "Mama, naondoka. Nimekuja kuomba msamaha kabla sijapanda ndege."

"Nilikusamehe siku ileile," akasema. "Wakati ulinisomea maneno ya mganga yote bila kukata. Nilisikia sauti yako inatetemeka na hukukata." Akatazama barabarani, kisha akanitazama. "Lakini yale masaa matatu, papa, sijui niyaweke wapi. Ninayaosha, ninayapika, ninalala nayo. Nenda nayo wewe kidogo, unisaidie kubeba."

Nikamwambia nitakwenda nayo. Akanishika mkono kwa mikono miwili, ingawa ulikuwa bado ni wakati wa kutoshikana, akafunga mlango.

Sasa nakwambia wewe, mwanangu, unayefungasha kwenda kulea watoto wa watu, au kuuguza wazee wa watu, au kushika chochote chenye uhai. Utakosea. Mimi sikuombei usikosee, maana hakuna aliyewahi kuombewa hivyo ikasaidia. Nakusihi kwamba siku hiyo, unapoona tu kitu hakiko sawa, umtafute mtu wa karibu anayeweza kusaidia umwambie, hata kama ndiye unayemwogopa kuliko wote, hata kama sauti inakwama. Usianze kujitibia aibu yako kwa siri huku aliyeumia yuko mbele yako. Usimuulize mtoto swali ambalo jibu lake umeshalichagua. Vitu vya nyumbani vipende, vibebe, vionyeshe watu, ila viweke kwanza mbele ya mwenye dhamana avitazame, kwa sababu kukulia na kitu hakukufanyi ukijue. Na wakikuweka katikati ya watu wawili wanaokutegemea ulimi, yapitishe maneno yote, hata yale yanayokukata wewe.

Mimi bado nayabeba yale masaa. Nimekuja nayo mpaka hapa, na leo nimekuwekea sehemu yake mikononi ili yakufae.

Nenda salama. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaoingia, akulindie wale watakaowekwa mikononi mwako, akupe usingizi usio na kitu unachokificha, na siku ulimi wako utakapokuwa mzito, Yeye aufungue mapema. Amina.